Tangu lini?

Hotuba hii ilitolewa Mkunguni, mbele ya ngome ya Lamu, baada ya sala ya Alasiri. Imeandikwa kama ilivyosemwa, kwa ajili ya waliokuwa baharini na wasioweza kuvuka siku hiyo.

Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Wazee wangu, nawashika mikono. Mama zangu, dada zangu, ndugu zangu, vijana mliokaa ngazini, na wenzetu mliovuka kutoka Mokowe ambao mna mashua ya kuwahi, ahsanteni kwa kuja. Nimeombwa nizungumze juu ya maradhi ya akili na dalili zake. Mimi ni muuguzi wa maradhi hayo, ndiyo kazi yangu. Lakini kabla ya uuguzi nilikuwa mtoto wa nyumba iliyokuwa na mgonjwa, na huko ndiko nitakakoanzia.

Mjomba wangu alikuwa mshona matanga kule Matondoni. Utamkuta amekaa chini, kitambaa kimemjaa mapajani, sindano nene mkononi, na kipande cha ngozi kiganjani cha kuisukumia. Mshono wake ulikuwa umenyooka kama kamba ya mwashi. Manahodha walilijua tanga lake kwa mbali.

Kaskazi moja, msimu ule wa pepo za kaskazini, akiwa na miaka 22, mshono ule ulianza kwenda kombo.

Bibi yangu ndiye aliyeuona kwanza. Kisha akaona taa ya mwanawe haizimwi usiku. Kisha mjomba akakataa mchuzi uliopikwa na dada zake, akawa anakula tende na mkate wa dukani tu, kwa sababu mchuzini, alisema, mna kitu. Akaacha kuoga, yeye aliyekuwa hatoki bila kanzu safi. Mwisho akawa anajibu maneno ambayo hakuna aliyeyasema.

Yote hayo bibi aliyaona. Aliyaona, akanyamaza. Nauliza, kwa nini mama mwenye mapenzi anyamaze? Kwa sababu mama yangu mdogo alikuwa ameposwa, na nyumba ikishasemwa ina wazimu, nani ataoa humo? Kila mmoja wenu anajua jibu. Ndilo jibu lililomnyamazisha bibi.

Kusi ikaja, ikapita. Kaskazi ya pili mjomba akampiga jirani, akidai anamsema kutoka upande wa pili wa ukuta. Hapo mtaa mzima ukajua, na waliojua wakaja na mnyororo. Mnyororo wa nanga, jamani! Akafungwa mguu katika chumba cha nyuma. Mimi nilikuwa na miaka 7, na kazi yangu ilikuwa kumpelekea maji. Siku moja akaniomba sindano na uzi. Nikamwibia katika kikapu cha bibi. Kesho yake nikakuta ameshona kipande cha tanga kuukuu, amekizungusha kifundoni, kati ya chuma na ngozi, pale palipochubuka. Nikautazama mshono. Ulikuwa umenyooka. Ndani ya chumba kile, na sauti zile kichwani, mkono wake ulikuwa ungali unaijua kazi yake. Kwa sababu ya mshono ule niko mbele yenu leo.

Kaskazi ya tatu ikafika naye yumo chumbani. Ilipokwisha ndipo akapelekwa Mombasa. Daktari aliyempokea hakuuliza nani kamroga, wala hakuuliza kafanya nini. Alimgeukia bibi akamwuliza maneno mawili: "Tangu lini?"

Bibi akajibu papo hapo. "Tangu kaskazi tatu nyuma, mshono ulipoanza kwenda kombo."

Mnasikia? Alikuwa na jibu siku zote. Hakuna aliyemwuliza.

Ndiyo maana nataka mrudi nyumbani na swali hilo. Tangu lini? Maradhi ya akili hayana kipimo cha damu cha kuyaonyesha. Daktari hutegemea mambo mawili: anayoyaona mbele yake, na anayoambiwa na watu wanaoishi na mgonjwa. Mtu mkimya tangu utotoni si mgonjwa, ni mkimya. Lakini mtu aliyekuwa mcheshi barazani akawa hatoki chumbani mwezi mzima, huyo amebadilika. Tazameni mabadiliko. Tazameni usingizi, chakula, usafi, kazi na maneno yake. Na mkiyaona, ihesabuni siku yalipoanza.

Ugonjwa wa mjomba unaitwa skizofrenia. Mgonjwa husikia sauti ambazo wengine hawazisikii, na kwake ni sauti kamili, kama hii yangu. Hushika imani ambayo huwezi kumtoa kwa hoja: anafuatwa, anasemwa, analishwa sumu. Maneno yake huweza kuruka kutoka jambo hadi jambo, usipate pa kuyashika. Upande mwingine kuna dalili za kimya, na hizi ndizo tunazoziita uvivu: uso usioonyesha furaha wala huzuni, kukosa hamu, kukaa pahala pamoja tangu asubuhi hadi usiku. Mara nyingi huanza mwishoni mwa ujana au miaka ya ishirini na kitu, umri ambao tunategemea kijana aanze kuisaidia nyumba.

Shirika la Afya Duniani limewahi kukadiria kuwa karibu mtu 1 kati ya 300 duniani ana ugonjwa huu. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 143,920 katika kaunti yetu. Pigeni hesabu. Ikiwa sisi ni kama watu wengine, ni karibu watu 480, kuanzia Kiunga hadi Witu. Mnawaona 480 njiani? Hamwaoni. Basi wengine wako vyumba vya nyuma.

Mjomba alipewa dawa. Mwezi wa kwanza mwili ulikakamaa, mikono ikatetemeka, akalala mno. Nasema haya waziwazi kwa sababu wengi huacha dawa kwa ajili hiyo, na sisi tunawaita wakaidi. Hawakuwa wakaidi. Hakuna aliyewaambia kuwa dawa ikikusumbua unarudi, unapunguziwa au unabadilishiwa. Mjomba alibadilishiwa. Sauti zikafifia, hazikuisha zote, lakini alirudi kushona. Mara mbili aliacha vidonge akidhani amepona kabisa, na mara mbili aliugua tena. Ni ugonjwa wa kuishi nao, kama sukari, kama presha.

Si kila ugonjwa wa akili unakuja na sauti. Nendeni nami kwa mgonjwa mwingine, mwanamke ambaye nimebadilisha mambo yake ili asijulikane. Alikuja kliniki mara nne katika miezi miwili. Kila akija maneno ni yale yale, kwa Kiamu chake: "Kitwa chaniuma, mgongo waniuma, moyo wanienda mbio." Mara nne alipewa dawa ya maumivu akarudi kwake. Mara ya tano aliyempokea akaweka kalamu chini, akamwuliza analalaje.

Akalia, akalia sana. Alikuwa amejifungua, na arubaini imekwisha. Siku zile arubaini alikandwa kwa maji ya moto, akafungwa tumbo, akafukizwa udi, akapikiwa, nyumba imejaa wanawake. Siku ya arubaini na moja kila mmoja akarudi kwake. Akaniambia neno ambalo sikulikuta katika kitabu chochote cha uuguzi: "Mtoto akilia, namsikia kama mtoto wa nyumba ya pili."

Mama zangu, sikilizeni hapa. Machozi ya siku za kwanza baada ya kujifungua ni kawaida, huisha yenyewe ndani ya wiki mbili. Lakini yakizidi wiki mbili, mama hapati usingizi hata mtoto akilala, hana hamu ya kumshika, anajiona si mama, hiyo ni sonona. Sonona ni ugonjwa. Wala si ukosefu wa shukrani. Shirika la Afya Duniani linasema katika nchi zinazoendelea karibu mwanamke 1 kati ya 5 hupata tatizo la akili baada ya kuzaa. Na kuna jambo la tatu, la nadra lakini la hatari: mama ambaye siku chache tu baada ya kuzaa anakesha, anasema maneno yasiyoshikana, anaona vitu, anadhani mtoto si wake au ana kitu ndani yake. Huyo asiachwe peke yake na mtoto, na asingojee kesho. Tafuta mashua usiku huo huo.

Sonona si ya wazazi tu, humpata yeyote. Huzuni ya msiba ina mawimbi. Mtu analia, kisha anacheka na wageni waliokuja kuhani, kisha analia tena. Sonona haina mapumziko. Wiki mbili au zaidi, karibu kila siku, kuanzia asubuhi: moyo mzito au hakuna hamu ya lolote, usingizi umeharibika, chakula hakipiti au kinapita mno, mwili hauna nguvu, mtu anajilaumu kwa mambo madogo, anatamani asiwepo. Kwa wanaume wetu mara nyingi haiji na machozi. Inakuja na hasira. Inakuja na miraa asubuhi hadi usiku, na nyavu zinazokauka uani kwa sababu mwenyewe hashuki baharini. Tunasema fulani kawa mkali siku hizi. Siku hizi tangu lini?

Na kuna kinyume chake. Nilimjua mfanyabiashara aliyekesha wiki nzima bila kuchoka. Akagawa punda wake watatu, akaagiza mbao za jahazi kwa deni, akazungumza haraka hata ulimi ukawa haumfuati. Sisi tulimsifu kwa ukarimu. Ulikuwa ugonjwa wa akili wa kupanda na kushuka. Alipanda hivyo, akashuka akalala kitandani mwezi mzima, na wenye mbao wakaja na madeni yao. Mtu asiyelala na wala hachoki, msimsifu. Mpelekeni.

Nisimame kidogo kwa mambo mawili yanayochanganywa. Kifafa si wazimu wala hakiambukizi kwa mate. Ni ugonjwa wa ubongo na una dawa. Anayeanguka mlaze ubavu, usimtie kijiko mdomoni, na degedege likipita dakika 5 mkimbize hospitali. Na mzee aliyekuwa na akili zake jana, leo ghafla hamjui mwanawe, msiseme uzee. Inaweza kuwa malaria, mkojo wenye maambukizi, au sukari iliyoshuka. Hilo la ghafla ni la hospitali siku ile ile.

Sasa nifike penye ugumu, na nitasema kwa heshima kwa sababu maalim zangu wako mbele yangu. Kuhusu majini.

Sikuja kubishana na mtu juu ya majini. Kitabu kimeyataja, nami ni Muislamu. Jambo langu ni dogo. Mgonjwa akisomewa, asomewe. Akipewa kombe, anywe. Lakini asipigwe, asinyimwe chakula, asifungwe, na asiambiwe aache vidonge. Mtume, rehema na amani zimshukie, alisema tujitibu, kwani Mwenyezi Mungu hakuteremsha ugonjwa ila ameuteremshia na dawa. Hakusema ila ugonjwa wa kichwa.

Na wanaodhani elimu hii imeletwa na Wazungu, niwakumbushe Abu Zayd al-Balkhi, mwanachuoni wa Kiislamu aliyefariki mwaka 934. Zaidi ya miaka elfu moja iliyopita aliandika kuwa nafsi huugua kama mwili unavyougua, na kwamba mmoja akiumwa humwumiza mwenzake. Akagawa huzuni mbili: yenye sababu inayojulikana na isiyojulikana sababu yake. Akashauri kuwa kama mtu anavyoweka dawa nyumbani kwa ajili ya dharura ya mwili, aweke pia akiba ya fikra njema za kuituliza nafsi. Maradhi ya nafsi aliyagawa manne: hasira, huzuni, hofu, na waswasi.

Waswasi! Neno letu wenyewe. Nilimtibu mwenye duka mmoja ambaye mikono yake ilikuwa imepasuka kati ya vidole, nyeupe, kama ya mvuvi aliyeshinda majini. Havui. Alikuwa anatawadha. Anatawadha, anaona hakutimiza, anarudia, mpaka imamu anatoa salamu naye yuko birikani. Mimi nilipomwuliza kama anaamini kweli kuwa udhu haukutimia, alisema hapana, anajua umetimia, lakini asiporudia kifua kinambana kama atakufa. Huo ndio ugonjwa wenyewe: mtu anajua, na bado hawezi kuacha. Tulimtibu kwa dawa na kwa mazoezi ya kuvumilia kidogo kidogo bila kurudia, na imamu wake akatusaidia, akamwambia kwa kauli yake kuwa mara tatu zatosha. Ilichukua miezi. Siku aliyowahi rakaa ya kwanza alinipigia simu.

Tangu lini? Miaka 11, alisema. Miaka 11 watu walimwita mcha Mungu.

Vijana mlioko ngazini, nanyi nina neno lenu, fupi. Karibu nusu ya maradhi ya akili huanza kabla ya mtu kufika miaka 18. Bangi, hasa ikianzwa mapema na kuvutwa kila siku, huongeza hatari ya kupata ugonjwa kama wa mjomba wangu, na zaidi ikiwa kwenye ukoo kuna mgonjwa. Na unga wa kulevya mnajua ulivyofanya pwani hii, sina haja ya kuwahadithia. Lakini jueni hili: uteja ni ugonjwa unaotibika. Kliniki ya methadoni, dawa ya kumsaidia mtu kuacha unga, ilifunguliwa Malindi mwaka 2015, na nimewaona watu wakitoka humo wakarudi kuvua, wakaoa, wakawekwa tena kuwa maimamu wa sala ya jamaa. Msiwaite mateja mbele ya watoto wao.

Nimebakisha jambo moja, nalo ndilo zito kuliko yote.

Kujiua. Tunalinong'ona, maiti huzikwa haraka, nasi tunasema alianguka, alizama. Kila mwaka zaidi ya watu 700,000 duniani hufa hivyo. Wengi wao walisema kabla. Walisema "nimechoka", walisema "mtapumzika nami", waligawa vitu vyao, waliaga watu bila safari. Ukisikia hivyo, uliza wazi: je, unafikiria kujiua? Mnaogopa kuwa swali litamtia fikra hiyo kichwani. Halimtii. Aliyebeba siri hiyo hupumua anapoulizwa. Kaa naye, ondoa karibu yake cha kujidhuru, usimwache usiku, asubuhi mpeleke. Wala msiogope polisi kama zamani. Sheria yetu ilikuwa ikimhesabu mwenye kujaribu kujiua kuwa mhalifu, wa kufungwa hadi miaka 2. Januari 2025 Mahakama Kuu ya Kenya ilisema kifungu hicho kinapingana na Katiba. Mtu huyu ni mgonjwa, apelekwe kwa mganga wa hospitali.

Mkimpeleka mtu wenu, nendeni watu wawili: mmoja wa kukaa naye, mmoja wa kueleza. Andikeni katika karatasi, hata kwa penseli: usingizi ulibadilika lini, chakula lini, maneno lini, nani kwenye ukoo aliwahi kuumwa, anatumia nini. Bebeni dawa zote anazokunywa, na za mitishamba pia, msizifiche. Hamtagombezwa. Karatasi hiyo inaniokolea mimi saa nzima, na inaweza kumwokolea yeye kaskazi tatu.

Bibi yangu amefariki, Mwenyezi Mungu amrehemu. Alipokuwa anaumwa mwisho mwisho, mjomba ndiye aliyekuwa akimnyanyua na kumgeuza. Mto aliolalia bibi, mjomba aliushona kwa tanga. Mnyororo bibi aliuuza kwa mwenye mashua mmoja, na fedha yake ikawa nauli ya kliniki.

Adhana ya Magharibi imekaribia na wa Mokowe wanatazama saa. Sitaondoka. Baada ya sala nitakaa kwenye lile benchi la chini ya mti, upande wa msikitini, mpaka Isha, na kesho pia baada ya Alasiri. Anayetaka kuja kukaa nami aje, ajiseme mwenyewe au mtu wake, na hatanisikia nikilitaja jina lake popote. Nyinyi wengine nina ombi moja. Mkimwona mtu amekaa nami, piteni tu, msalimuni kama mnavyomsalimu siku zote, na msimwulize alikuwa anasema nini.

Wassalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.